Shule ya Udobi ya Waliotoka Mnyororoni

Nilifungwa kwa sababu ya suruali. Wenzangu wengi waliofungwa miaka ile ya vita, ukiwauliza leo, watakuambia walifungwa kwa kung'oa pamba ya Wadachi au kwa kunywa dawa ya waganga wa Ngarambe, na wengi wao wanasema kweli. Mimi sikung'oa hata jani. Niliikuta suruali ya kaki ya askari imeanikwa uani kwa jumbe wetu, pale Mchukwi, na siku hiyo kulikuwa na harusi Kibiti, na mimi nilikuwa na shuka moja tu, nayo ilikuwa na tundu mahali pabaya. Nikaiazima. Askari mwenyewe alikuwa amejipumzisha barazani, sikuona vema kumwamsha.

Nilikwenda mpaka Kibiti nikiwa nimeishika kiunoni kwa mkono mmoja, maana askari yule alikuwa na tumbo na mimi sikuwa nalo. Nilitaka watu wanitazame. Walinitazama. Lakini mwaka ule mtu akiona suruali ya kaki inakuja njiani hasubiri kuona uso ulio juu yake. Harusi nzima iliingia porini: bwana harusi, mashangazi, wapiga ngoma, hata mzee mmoja ambaye kwa miaka mitatu alikuwa haendi msikitini ila kwa kuegemea watu wawili. Niliwaita kwa majina yao. Kadiri nilivyozidi kuwataja ndivyo walivyozidi kukimbia, kwa sababu waliona huyu askari anamjua kila mtu.

Nikabaki na wali wa nazi na kuku. Nilikaa nikala, kwani chakula cha harusi kikiachwa kipoe ni mkosi. Nilipokuwa kwenye sahani ya tatu wenyeji walianza kurudi mmoja mmoja, wakanitambua, wakakasirika kuliko ambavyo wangekasirika kama ningekuwa askari kweli. Walikuwa bado wanashindania nani anipige kwanza, mwenye suruali akatokea, amevaa kikoi cha jumbe, bunduki begani.

Bwana wa boma alinihukumu miezi mitatu ya mnyororo. Sitausimulia mnyororo. Chuma kile shingoni hakina kichekesho, na baadhi ya niliofungwa nao hawakurudi makwao. Siku zile watu walinyongwa kwa neno la shahidi mmoja. Mimi niliulizwa kama waganga ndio walionituma kuiba suruali ya serikali, nikajibu kwamba nilitaka kupendeza, na mkalimani akacheka kabla hajatafsiri. Naamini kicheko kile ndicho kilichoniokoa.

Nilipofunguliwa nilirudi Mchukwi na alama shingoni, na alama ile ilitangulia kila nilikokwenda. Nikiomba kibarua cha kuvuna mpunga naambiwa mpunga umekwisha, na mimi nauona umesimama nyuma ya anayeniambia. Nikipita njiani kina mama walianua nguo zao, hata zile zilizotoka kuanikwa, zikiwa bado zinachuruzika. Mjomba wangu mwenyewe, niliyefikia kwake, alianza kuvaa mashuka yake yote mawili kwa pamoja, na joto la siku zile lilikuwa kali.

Mjomba huyo ndiye aliyeniletea habari. Alisema Bwana wa boma amekosa watu wa kazi, kwani wengine wamemkimbia na wengine amewafunga yeye mwenyewe, kwa hiyo ameamua waliomaliza vifungo vyao wafundishwe kazi za mikono, kisha watafutiwe mahali pa kuzifanyia. Alinieleza hayo huku akinifungia chakula cha njiani. Kilikuwa chakula kingi kuliko safari yenyewe, nikaelewa kwamba hatarajii nirudi karibuni.

Boma lilikuwa kule chini, mto unapoanza kujigawa kuelekea mikokoni. Bwana alitupanga uwanjani akamuuliza kila mmoja kosa lake. Alikuwa na imani yake, na mkalimani alitutafsiria kwa uzito kama anasoma hotuba: mtu hujua thamani ya kitu alichokitamani hata akafungwa kwa ajili yake, basi huyo ndiye afaaye kufundishwa kukitunza. Aliyeiba mtumbwi akafanywa mpiga kafi. Aliyeiba asali akapewa mizinga ya nyuki. Aliyempiga mkwewe alimsumbua Bwana kwa muda, mwisho akapelekwa kuponda mawe. Mimi wa suruali nikapelekwa kwenye udobi.

Tulikuwa wanafunzi watatu. Wa pili alikuwa mwizi wa mbuzi kutoka Nyamwage. Huyu angefaa kuchunga, ila mbuzi wa boma walikuwa wameliwa wote na askari, hivyo Bwana akatafakari, akasema mbuzi ana ngozi, na nguo ni ngozi ya mtu. Wa tatu alikuwa mzee mkimya, Mmatumbi wa vilimani, aliyeng'oa pamba ya akida. Alikuwa na bahati, aling'oa mapema, kabla kosa hilo halijaitwa vita. Kwake Bwana hakutafakari sana. Nguo ni pamba.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Kilwa, mke wa shaushi, mkubwa wa askari wa boma, mpana wa mabega na mkali wa pua, aliyekuwa akiwafulia Wazungu tangu walipoanza kuvaa nguo nyeupe katika nchi yenye tope. Tulimwita Bibi. Siku ya kwanza alitupanga mstari, akatunusa mmoja mmoja, akasema, "Anayenuka hafui. Kajifueni ninyi kwanza."

Kufua kule si kama kufua Kibiti. Maji yakijaa, bahari hupanda mtoni, na sabuni ndani ya chumvi haitoi povu, inagandamana kama ugali ulioshindikana. Yakipwa, mto hushuka na maji matamu, na hapo ndipo unafua, tena unafua mbio. Bibi alitufundisha kuonja. Kila siku tulipiga magoti ukingoni tukaonja mto kama wanunuzi wa samli, tukabishana kama umeshakuwa mtamu au bado, huku mwizi wa mbuzi akiwa zamu ya kuangalia mamba. Kwa zamu hiyo alikuwa hodari, kwani aliyezoea kumchungulia mwenye zizi hashindwi na mamba. Kwenye kufua hakuwa hodari. Alilishika shati kama mtu anayechuna, na mara mbili alilichuna kweli.

Mimi nilijifunza haraka, na nasema hivyo bila majivuno, maana sikuwa na jambo jingine la kujivunia. Nilijua kutoa tope la mikokoni, ambalo ni jeusi na linanuka kama yai viza, kwa kuliacha likauke kwanza badala ya kulisugua likiwa bichi. Mzee alipewa kanji, ule uji wa kukazia nguo. Aliikoroga kutokana na muhogo, taratibu, na Bibi alisema hajapata kuona mtu mwenye mkono wa kanji namna ile.

Kisha ikafika wiki ya pasi. Pasi yenyewe ilikuwa ya chuma, na tumbo la makaa, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Bibi alituonyesha jinsi ya kuinyanyua, kuipepea na kuitemea mate ili kusikia imeiva kiasi gani. Kisha akamwachia mwizi wa mbuzi kitambaa cha meza cha Bwana, akaenda kuswali adhuhuri. Mwenzetu alipiga pasi vizuri mpaka aliposikia mbuzi akilia ng'ambo ya mto. Alisimama akasikiliza. Pasi nayo ilisimama. Tulipogeuka, kitambaa kilikuwa kinawaka, na moto ulikuwa umeshauparamia ukuti wa paa la kibanda.

Mtu yeyote angefanya alivyofanya yeye. Alitoka mbio uwanjani akipiga kelele: "Maji! Maji!"

Inabidi msomaji akumbuke mwaka wenyewe. Neno hilo ndilo walilokuwa wakilipaza watu walipokuja kupigana, wakiamini risasi za Wadachi zitageuka maji. Askari wa boma lile walikuwa wamelala nalo na kuamka nalo kwa miezi. Waliposikia, tena ndani ya uwanja wao, kila mmoja alishika cha karibu. Wawili walipanda juu ya ghala. Shaushi alifunga lango, akabaki nje yeye mwenyewe. Bwana alikuwa anaoga. Alitoka na bastola mkononi na povu kichwani, na kwa kuwa povu lilimwingia machoni, alipiga risasi kuelekea vivuli vyeupe vilivyokuwa vikiyumba mbele yake. Vilikuwa ni mashati yake sita, niliyokuwa nimetoka kuyaanika.

Moto ulizimwa na mzee. Katika vurugu zile zote alikuwa amechukua sufuria ya kanji, akaimwaga juu ya kibanda, akakaa chini.

Hakuna aliyekufa isipokuwa mashati. Mwenzetu alipigwa viboko vitano, na Bwana alitoa amri, ambayo mkalimani alisimama barazani akawatangazia watu wote wa boma. Bwana alimaanisha kwamba neno lile lisisikike tena ndani ya uzio. Mkalimani, kwa kuogopa kulitamka zaidi ya mara moja, aliifupisha. Alisema, "Bwana anaamuru kwamba kuanzia leo, ndani ya boma, hakuna maji."

Wanawake waliokuwa wakipanda na mitungi kutoka mtoni walisikia. Walitua mitungi, wakaimwaga palepale, wakarudi makwao wakishukuru. Kwa siku mbili boma lilikaa kavu. Mpishi alichoma kila kitu, hata maharage. Siku ya tatu Bwana, ambaye hakuwa ameoga na bado alikuwa na sabuni iliyokauka masikioni, aliita shauri akauliza kwa nini. Akajibiwa kwamba ni amri yake. Ilichukua asubuhi nzima kueleweshana, na mwisho ikakubaliwa kwamba kitu kiwepo, ila jina lake lisiwepo.

Basi tukaendelea na shule yetu bila neno hilo. Fikiri mwenyewe kufundisha udobi namna hiyo. Bibi alikuwa akisema, "Chukua ile baridi, ichanganye na ile ya moto, halafu usiimwage kwenye ile chafu." Mwizi wa mbuzi aliiita nyumba ya mamba. Mimi nilisema kile cha mtoni. Mzee hakupata shida, kwani hata kabla ya amri alikuwa hasemi. Aliitazama kata, akaitazama tena, mpaka mtu akamjazia. Tulizoea mpaka miezi mingi baadaye, nikiwa nyumbani kwa watu na kiu imenikaba, niliomba kile cha mtoni nikaletewa samaki.

Mafunzo yalipokwisha Bwana alimwambia Bibi kwamba boma lina haja ya dobi mmoja tu, wengine watafutiwe watu mjini. Hapo ndipo nilipojua kwamba kufua kulikuwa sehemu rahisi. Bibi alitupitisha nyumba kwa nyumba katika ule mji mdogo uliolizunguka boma, akitusifu kama mtu anayeuza ng'ombe, na kila mlango ulitazama shingo zetu kabla ya kutazama mikono. Mwenye duka mmoja alisema nguo zake hazichafuki. Alikuwa na mchuzi kifuani tulipokuwa tunazungumza.

Aliyekubali, mwisho, alikuwa akida mwenyewe, na alikubali kwa sababu ya shida. Bwana mkubwa kuliko Bwana wetu alikuwa anakuja kwa meli kukagua, akida alitakiwa akae mbele, na kanzu yake ya heshima ilikuwa na doa. Alitutazama watatu. Akida alimtambua mzee mara moja, kwani ndiye aliyelima pamba yake na ndiye aliyemng'olea. Alimwambia Bibi kwamba anamletea wezi mlangoni. Bibi akamjibu:

"Wakikimbia na kanzu yako, nitakuvisha ya marehemu mume wangu wa kwanza. Nayo ni kanzu nzuri, ila marehemu alikuwa mfupi."

Kanzu ilifuliwa chini ya ulinzi wa askari mwenye bunduki. Mimi nilitoa doa. Mwizi wa mbuzi alikatazwa kuigusa. Ilipofika zamu ya kanji mzee aliniuliza swali, na lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa wiki nzima.

"Huyu akida anapenda ugumu?"

Nikasema kwa ninavyojua, hajapata kupenda kitu kingine.

"Haya," akasema mzee, akaongeza unga wa muhogo. Akakoroga, akaongeza tena. Niliona mwiko umesimama katikati ya sufuria peke yake, hakuna aliyeushika, nikaelewa anachofanya. Ningeweza kumzuia. Sikutaka. Aliichovya kanzu mara tatu, akaianika mara tatu, na mimi nikaipiga pasi mpaka ikang'aa kama sahani. Hatukuikunja. Tuliipeleka kwa akida tukiwa tumeibeba wawili, mbele na nyuma, kama mlango.

Akida aliipenda sana. Aliingia ndani yake kutokea chini, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, akatembea mpaka bomani kwa hatua ndogondogo zenye kishindo, kwaru, kwaru, na watu wakampisha. Tabu ilianza alipoambiwa akae. Alikaa yeye, kanzu haikukaa. Upande wa mbele ulipanda juu mpaka ukamfunika uso, na kutoka pale tulipokuwa, nyuma ya uzio, tuliona kiti chenye miguu miwili ya mtu chini na kofia juu, na katikati ukuta mweupe. Akida aliendelea kutoa hotuba ya kumkaribisha mgeni kutokea ndani. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye kisimani. Kila alipoisukuma kanzu chini kwa mikono, ilirudi.

Jumbe mmoja alianza kukohoa ili asicheke. Kikohozi kikaenea. Mgeni, Bwana mkubwa, alitazama kwa muda mrefu bila kusogeza hata sharubu, kisha akamuuliza mkalimani ni nani aliyeifua nguo ile. Bibi akajitokeza mbele akasema ni wanafunzi wake, na akatuita.

Mgeni aligusa ukosi wa shati lake. Ulikuwa umelala kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Alieleza, na mkalimani akatafsiri, kwamba tangu ashuke melini hewa ya delta imemlegezea kosi zake zote, na kwao mtu mwenye ukosi uliolala ni kama hakuvaa kitu, naye amezunguka pwani nzima bila kupata mtu wa kuzisimamisha. Akatuletea kosi kumi na mbili. Mzee akazitazama, akamtazama mgeni, kisha akaenda kukoroga. Kesho yake mgeni alizivaa, akawa hawezi kuinamisha kichwa hata kutazama chakula chake, na alifurahi kabisa.

Alitaka kuondoka na mzee kwenda kumfulia Dar es Salaam. Mzee alikataa. Alisema ana shamba linamsubiri, ingawa sote tulijua kwamba moto wa Wadachi ulipita vilimani kwao na njaa ikafuata. Alichukua mbegu kidogo za mtama alizopewa na Bibi, akaondoka bila kuaga, kama alivyokaa. Mwizi wa mbuzi akajitolea kwenda badala yake, na mgeni, ambaye hakujua tofauti yao, akamchukua. Nilisikia baadaye kwamba alidumu huko miaka, na kwamba alijifunza kufua, ila hilo la pili sikulithibitisha. Akida hakutusamehe, lakini hakuwa na la kutushtakia: kwa amri ya mgeni, kanji ile ilikuwa imeshakuwa sheria ya boma.

Mimi nilibaki dobi wa boma mpaka nilipochoka kusikia amri, ndipo nikaomba ruhusa nirudi upande wa nyumbani. Bibi alinipa pasi kuukuu yenye mpini uliofungwa kamba. Hakunipa mawaidha. Alininusa, akasema naweza kwenda.

Nilianza Kibiti, karibu na kisima, chini ya paa la makuti nililoezeka mwenyewe. Siku kumi nilikaa bila hata kitambaa. Walinisalimu vizuri, wakanipa hata uji, lakini nguo zao walifua wenyewe. Siku ya kumi na moja alikuja mama aliyekuwa akiuza vitumbua pale njiani. Alikuwa na mgonjwa nyumbani na mikono yake haikutosha. Alileta kanga mbili, akaziweka mbele yangu, akavuta kigoda, akakaa. Alikaa mpaka nikazifua, nikazisuuza, nikazianika, zikakauka, nikazikunja, akazichukua. Siku nzima hakuondoa macho, na vitumbua vyake siku hiyo vilinunuliwa pale pale kwangu, watu wakija kumtafuta.

Wiki iliyofuata alileta kanga nne na akakaa mpaka mchana tu. Wiki ya tatu aliziweka chini, akaniambia zile za kijani zinatoa rangi nizifue peke yake, akaenda zake kuuza vitumbua.